Karibu Kiti

Babangu alilipwa miaka 19 kwa kusimama.

Kuanzia 1999 hadi 2018 alikuwa askari wa usiku kwenye godauni moja huko Changamwe. Masharti yalikuwa matatu: usilale, usiache geti, usikae. Hilo la tatu ndilo lililozaa mengine. Supavaiza wao aliamini kwamba askari akikaa atasinzia, na akisinzia geti halina mtu, kwa hivyo dawa ni kumnyima kiti mapema. Kibanda kilikuwepo, kina taa na daftari la kuandikia namba za malori, lakini ndani hamkuwa hata na mkebe wa rangi wa kukalia. Saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki. Siku moja nilianza kupiga hesabu ya masaa hayo kwenye simu, nikafuta kabla sijafika mwisho.

Mimi nalipwa kwa kukaa. Ofisi yetu iko Changamwe hiyo hiyo, natayarisha makaratasi ya mizigo inayotoka bandarini, na kiti changu kina magurudumu, kinazunguka, kina mpaka kitu cha kushikilia kiuno. Jioni mgongo unaniuma, na sina uso wa kulalamika nyumbani.

Labda ndiyo maana nilianza kwenda haiki. Kundi letu lina watu kama 20, wengi wa Likoni na Kisauni, na mmoja wa Miritini ambaye huchelewa kila mara halafu analaumu foleni ya malori. Tunachanga nauli, tunaenda Shimba Hills, tunaenda Taita, mwaka jana tulipanda Kasigau na nusu yetu tukashuka tukitambaa. Ukikaa na watu wa haiki utagundua wana ugonjwa wa mizani. Kila kitu kwao ni gramu. Wanakata mpini wa mswaki. Wanajadili kijiko. Mimi niliona ni upuzi mpaka siku nilipobeba chupa mbili za maji, chapati sita na sweta lisilo na kazi kuteremka hadi maporomoko ya Sheldrick.

Kama hujawahi kwenda, safari yenyewe ni hivi. Kutoka Likoni unapanda matatu mpaka Kombani, hapo unaacha barabara ya Ukunda na kukata kulia kuelekea Kwale. Ndani ya hifadhi, askari wa KWS anatangulia na bunduki, maana ndovu wa Shimba si hadithi, na ukibahatika utamwona palahala, ambaye Kenya nzima anapatikana msitu huo tu. Kutembea ni kilomita mbili hivi. Kwenda ni mteremko, kila mtu anaimba. Hakuna anayefikiria kwamba mteremko huo huo utamsubiri kurudi.

Chini kuna bwawa dogo la maji baridi, na hapo kila mtu anatafuta pa kukaa. Mawe yameloa. Gogo moja zuri lilikuwa wazi nikalikimbilia, na baada ya dakika moja nikajua kwa nini lilikuwa wazi. Siafu. Nilivua kiatu nikiruka mguu mmoja mbele ya watu 20 na askari mwenye bunduki.

Wakati huo huo dada mmoja wa kundi, mtulivu, hana haraka, alitoa kwenye begi kifuko cha ukubwa wa themosi. Ndani vijiti, vimeunganishwa na kamba ya mpira. Alivitikisa tu, vikajipanga vyenyewe, tak tak tak, kama buibui anayeamka. Akavika kitambaa juu, akakaa. Akaegemea. Akafungua embe.

Nikamuuliza ni nini hicho. Helinox Chair Zero, binamu yake alimletea kutoka Dubai, gramu 490. Yaani nusu kilo ya sukari kasoro kijiko. Bei aliponitajia niliigawa kwa nauli yangu ya kwenda kazini ikanipa miezi minne.

Nilirudi Likoni nikiwa na miguu imevimba kwa siafu na wazo moja kichwani.

*

Nikaanza kusoma kuhusu viti kama mtu anayesomea mtihani. Siri ya kile kiti si uzito, ni mvutano. Vijiti vya alumini vyembamba kama vya hema vinatawanyika, kitambaa kinavivuta virudi, na katika kule kuvutana ndiko mtu anapokaa. Hakuna ubao, hakuna msumari. Watengenezaji wake ni Wakorea waliotokana na kampuni ya kutengeneza vijiti vya hema, kwa hivyo si ajabu. Walichofanya ni kuchukua hema na kuligeuza juu chini.

Chini ya hapo kuna wanaokalia kipande cha godoro la sponji linalokunjwa kama akodiani, uzito wake ni kama wa yai. Halikupi mgongo, lakini linakutenganisha na baridi na unyevu, na kwa wengi hilo latosha. Halafu kuna lile lililonichekesha. Mwaka 2010 kampuni ya Vitra ilitoa kitu kilichobuniwa na Alejandro Aravena, mchoraji majengo wa Chile, kinaitwa Chairless. Ni mkanda. Mkanda mtupu, gramu 85, unauzungusha mgongoni na magotini ukiwa umekaa chini, basi, magoti yanauvuta mgongo na mgongo unayavuta magoti, na mikono yako iko huru. Aliutoa kwa Waayoreo, watu wa kule mpakani mwa Paragwai na Bolivia, na hakuficha.

Nilicheka kwa sababu mkanda huo naujua. Mtaani kwetu kulikuwa na mzee Mshihiri mwenye duka, na alasiri wateja wakipungua alikuwa akikaa barazani chini, magoti juu, amejifunga mshipi wa kufuma kutoka kiunoni hadi magotini, anasoma gazeti kama yuko kwenye sofa. Tulipokuwa watoto tulidhani anaumwa. Wahadhrami wanauita habwa. Waarabu wana usemi wa zamani kwamba mkao huo ndio ukuta wao, na ukifikiria mtu wa jangwani, pa kuegemea atapata wapi kama hakujibebea?

Nikajaribu kwa leso. Leso ya mamangu, kipande kimoja, kwenye mizani ya duka hakikufika robo kilo. Zungusha, funga fundo la ndani, egemea. Wallahi inafanya kazi. Safari iliyofuata Shimba nilikaa hivyo dakika 20 na askari wa KWS akaniambia nyanyake alikuwa akikaa vile vile. Shida ni moja: ukitaka kuinuka haraka umefungwa kama kuku wa sokoni. Kwenye msitu wenye ndovu hilo ni jambo la kufikiria.

Kwa hivyo bado nilitaka vijiti.

*

Ukitaka kitu cha bei mbaya kwa bei nzuri Mombasa, unavuka Nyali unaenda Kongowea. Kwenye mitumba, baina ya mabegi ya shule na viatu vya mpira, kuna marundo ambayo hata wauzaji hawajui ni ya nini. Nilirudi huko Jumamosi tatu. Ya tatu nikakuta kifuko cha kijani chenye vijiti. Muuzaji alisema ni hema la mtoto. Mimi nikanyamaza kimya kama mwizi, nikatoa 700.

Hakikuwa Helinox, hakikuwa na jina lolote, na kijiti kimoja kilikuwa kimepasuka mdomo. Fundi wa baiskeli alikivisha kipande cha bomba la alumini, akakipiga nyundo kidogo, kikashika. Kilo moja kasorobo. Nikakipeleka Shelly Beach jioni kukijaribu.

Hapa niseme kitu ambacho matangazo hayasemi. Viti hivi vina miguu myembamba yenye ncha ndogo, na uzito wako wote unaishia kwenye hizo ncha nne. Kwenye mwamba sawa. Kwenye nyasi sawa. Kwenye mchanga wa Shelly miguu ya nyuma ilizama polepole, kwa adabu kabisa, na mimi nikaenda nayo, mpaka nikawa natazama mawingu na vijana waliokuwa wakicheza mpira wameacha mpira. Dawa niliipata baadaye: kata ndara kuukuu vipande vinne, toboa kila kimoja nusu, vivike miguuni. Kiti kikawa na viatu. Kimeenda Taita na viatu vyake, kikarudi.

Nilikuwa nimefurahi, nakiri. Nilikiweka sebuleni nikawaonyesha watu wa nyumbani jinsi kinavyojifungua. Mamangu alisema kinafanana na panzi. Baba alikuwa amekaa kwenye kochi, mguu juu ya kigoda, bandeji mpaka karibu na goti. Akakitazama muda mrefu. Akauliza, "Kinabeba kilo ngapi?"

Nikamwambia.

Akasema, "Jirani angekipenda."

*

Jirani alikuwa mtu wa Lodwar. Jina lake baba alilijua lakini hakulitumia, alimwita Jirani kwa sababu walilinda mageti mawili yanayotazamana. Alikuja kazini siku ya kwanza na koti, rungu, na kijikiti cha mti kisichozidi kiatu kwa ukubwa. Waturkana wanakiita ekicholong. Kinachongwa kwa kipande kimoja cha mti, pa kukalia pamepinda kidogo kama tandiko, na kina kamba ya ngozi ya kukishikia. Mchungaji anatembea nacho kutwa nzima. Akisimamisha mifugo, anakikalia. Usiku anakilaza shingo, na zamani, wanaume walipokuwa wakijenga nywele kwa udongo, ndicho kilichozilinda zisivunjike.

Usiku wa pili supavaiza alipita na tochi, akamkuta Jirani amekaa.

"Hicho ni kiti?"

Sasa, ukisema ni kiti umevunja sharti la kukaa. Ukisema ni mto, umevunja sharti la kulala. Baba alisema aliona kutoka ng'ambo ya barabara Jirani akikifikiria kile kitu, anakigeuza mkononi, kama ndiyo mara ya kwanza anakiona.

"Ni cha babangu," akasema.

Supavaiza hakuwa na sharti la kumnyang'anya mtu kitu cha babake. Akaenda zake. Jirani akakikalia miaka yote aliyokaa Changamwe.

Baba naye akapata wazo, na hapo ndipo alipokosea. Nyumbani kulikuwa na mbuzi kuukuu ya nyanyangu. Kwa wasioijua mbuzi ya kukunia nazi: ni mbao mbili zinazopishana kama mkasi, ukizifungua unapata kijikiti cha chini, na mbele unatoka ulimi wa chuma wenye meno. Unakaa kama umempanda mnyama na kukuna nazi mbele yako. Ikikunjwa inakuwa bapa. Ukiniuliza mimi, ndicho kiti cha kukunja cha mwambao, kilikuwepo kabla ya mtu yeyote kufikiria haiki. Baba aling'oa ulimi, akaifunga mbuzi kwenye gunia, na kila jioni akavuka nayo feri kwenda kazini, na kila asubuhi akarudi nayo.

Ilidumu miezi minane. Siku aliyokamatwa hakuweza kusema ni ya mamake, ingawa ilikuwa ya mamake kweli. Alisema ulimi ulimwingia mzito. Mtu mzima wa Likoni, mbele ya vijana wa kupakia mizigo, aseme amekuja kazini na mbuzi ya mamake? Wakaitia kwenye pipa la moto ambalo makuli walikuwa wakiotea, na akakatwa mshahara wa siku mbili.

Nyanya hakuuliza habari za mshahara. Aliuliza mbuzi yake iko wapi.

Baada ya hapo babangu hakukaa tena kazini mpaka alipostaafu. Na niliposema nasoma kuhusu viti kama mtihani, kuna kitu kimoja nilikisoma ambacho sikumwambia kwa wiki kadhaa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kuweka mahali pa kukaa kwa wafanyakazi ambao kazi yao ni ya kusimama, ili wapate kukaa kila nafasi inapotokea. Alistaafu 2018. Kwa hivyo miaka 11 ya mwisho, ile mbuzi ilipaswa kuwa kiti cha kampuni.

Nilipomwambia alisema, "Haya." Kisha akaniuliza kama nimeshapata chai.

*

Mguu ulianza kwa mishipa kuvimba, ikapanda kama mizizi ya mkoko. Halafu kifundo cha mguu wa kushoto kikawa cheusi, halafu kikafunguka kidonda ambacho hakifungi. Daktari alitueleza kwa lugha nyepesi. Damu ya miguuni inapandishwa juu na shavu la mguu, kila unapopiga hatua shavu linakamua. Ukisimama tuli hakuna kinachokamua. Damu inatuama, mishipa inapanuka, milango yake ya ndani inashindwa kufunga. Ikawa kila Alhamisi lazima avuke kisiwani kubadilisha bandeji, na akifika nyumbani ainue mguu juu kuliko moyo.

Kuvuka ndiyo shughuli. Hesabu inayotajwa kila siku ni kwamba feri ya Likoni inavusha watu laki tatu kwa siku, bure, kwenye mkono wa bahari ambao upana wake ni kama mita 500. Maji yenyewe ni dakika kumi. Lakini kuna kusubiri geti lifunguliwe, kuna kuteremka na umati, kuna kusimama melini umebanwa baina ya mkokoteni wa nazi na mtu mwenye godoro, kuna kupanda tena ng'ambo ya pili. Pa kukaa ni pachache na panawahiwa na wenye nguvu. Watu wa umri wa baba wanasimama.

Nikamwambia achukue kile kiti cha kijani.

"Nende na kiti feri?" Alinitazama kama nimemwambia avae buibui. "Watu watasema je?"

Sikumwelewa, nikakasirika. Baadaye nikaelewa kidogo. Kwetu kiti ni cha kukaribishwa. Mgeni akiingia, kabla ya maji, kabla ya habari, anaambiwa karibu kiti. Nenda makumbusho ya Lamu uvione vile viti vya enzi, mpingo mzito wenye nakshi za pembe, mgongo wa kamba za kusuka: kimewekwa pale pale, na mkubwa ndiye anayekiendea. Kwa baba, mtu anayezunguka mjini na kiti chake ni mtu ambaye hakuna nyumba inayomkaribisha. Na yeye alikwisha kuwa mtu huyo mara moja, miezi minane, na gunia mkononi kwenye feri hiyo hiyo.

Nikamlazimisha. Nikasema tujaribu hapa hapa uani, hakuna mtu. Akakaa. Kitambaa kikampokea vizuri, akaegemea, akasema "Aa." Kisha akataka kuinuka.

Hapa ndipo ujinga wangu wote wa miezi sita ulipojulikana. Viti hivi ni vyepesi kwa sababu vijiti ni vifupi, na vijiti vikiwa vifupi unakaa chini ya sentimita 30 kutoka ardhini. Kwa magoti ya miaka 27 hiyo ni burudani. Kwa magoti ya babangu ni shimo. Alijaribu mara ya kwanza, ya pili, akashika hewa. Nikamvuta kwa mikono miwili. Tulicheka, halafu tukaacha kucheka.

Wiki mbili baadaye, Alhamisi, akiwa peke yake kwa sababu mimi nilikuwa kazini nimekaa, alishuka taratibu kando ya chuma cha feri mpaka chini. Hakuanguka, alisema, alishuka. Watu walidhani amelewa. Kijana mmoja wa kuuza maji ndiye aliyemwinua na kupiga simu.

*

Nikaenda kwa fundi seremala wa barabara ya Mtongwe. Nikamchorea kwenye kadibodi: miguu mitatu, si minne. Miguu minne kwenye ardhi isiyo sawa mmoja daima unaelea, mitatu haijui kuyumba, ndiyo maana jiko la mawe lina mafiga matatu. Miguu ikutane katikati na kupishana, ikifunguka juu inafunguka na chini, na juu kuna kitambaa cha pembe tatu kinachoizuia isifunguke zaidi. Nilitaka mipini ya mafagio kwa sababu ya uzito. Alivunja mmoja gotini mbele yangu, bila kusema neno, akaniletea fito za mvinje.

Palipopishana ndipo palipotusumbua. Miti miwili ni rahisi, bolti moja inapita yote miwili. Wa tatu je? Alikaa nayo siku mbili, akanipigia simu usiku kuniambia amepata: bolti ndefu inapita miti miwili na kwenye jicho la bolti nyingine, na hiyo ya jicho ndiyo imeupita mti wa tatu. Inazunguka kila upande. Nilipoiona nilitaka kumkumbatia. Kitambaa ni turubai ya lori, kimeshonwa na fundi viatu, pembe kila moja ina mfuko wa ngozi wa kuvaa ncha ya mguu. Urefu sentimita 48, tulimpima baba kwenye kochi bila yeye kujua. Jumla 1,100 pamoja na soda ya fundi.

Kilo moja na robo. Kundi langu la haiki wangenicheka. Nimewaonyesha, wamenicheka.

Lakini kikikunjwa ni fito tatu na mkanda. Baba alikishika, akakisimamisha chini, akakiegemea kidogo. Kilimfika kiunoni.

"Hii ni bakora," akasema.

Nikasema ndiyo, baba, ni bakora.

Sasa kila Alhamisi natoka kazini mapema na tunavuka pamoja. Kwenye eneo la kusubiri anatafuta pembe yake karibu na nguzo, anatazama kulia na kushoto kama mtu anayetaka kujisaidia, halafu bakora inafunguka na mzee amekaa. Mguu anauweka juu ya begi langu la haiki. Kidonda bado kipo, na kukaa pekee hakukiponyi, ila wiki sita hizi hakijaongezeka, na nesi aliandika hivyo kwenye kadi.

Alhamisi iliyopita meli ilijaa kupita kiasi. Nilimpatia nafasi ukutani, akakaa, nikasimama mbele yake kumkinga na mikokoteni. Kabla hatujaondoka aliingia mama mmoja ana mtoto mgongoni na mwingine tumboni, jasho linamtiririka, anatafuta chuma cha kushika. Niligeuka kumtazama baba kwa sababu nilijua. Nikamwambia kwa macho, usithubutu. Akajifanya hakuniona.

"Mama," akasema, na tayari alikuwa ameinuka, "karibu kiti."

Yule mama akakaa bila kuuliza kiti kimetoka wapi. Babangu akasimama kando yake, mikono nyuma, miguu imepanuka kidogo, uso kwenye maji, vile vile ninavyodhani alivyosimama getini. Nikampa bega langu. Hakulishika. Dakika kumi nzima nilitazama ile bandeji badala ya bahari.

Mlango uliposhuka ng'ambo ya kisiwani umati ukasukuma, nikamshika baba mkono, tukapanda taratibu kandokando. Tulipofika juu ndipo nilipokumbuka, na nilipogeuka nilimwona yule mama mbali mbele yetu, anapanda kuelekea stendi ya matatu, mtoto mgongoni, ameegemea bakora yetu. Ilibidi nimkimbilie.